Hiyo listi ya maneno 5,000 irudishe ulikoitoa

Mdogo wangu wa Ndosho, simama hapo hapo. Usikariri hata ukurasa mmoja. Umeandika kwamba umetoa dola 10 kwa fotokopi ya maneno 5,000, kushoto Kiingereza, kulia Kifaransa, na umejipangia maneno 50 kwa siku kwa miezi mitatu ili uingie kwenye mahojiano ya kazi ya depo katika ONG, yaani shirika lisilo la serikali. Ukauliza tena senta gani nzuri hapa Goma, programu gani haili mega, na matamshi utayapata wapi. Hayo yangoje. Moyo umeniruka niliposoma "kulia Kifaransa", maana makaye matatu ya namna hiyo ninayo nyumbani, na kazi yake leo ni kuwashia makala.

Hesabu yenyewe inakataa. Neno ukilisoma mara moja, kesho limekwenda. Ebbinghaus wa Ujerumani alilipima jambo hilo kwa kichwa chake mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885. Ili likae lazima ulikute tena, tuseme kesho, siku ya 3, ya 7 na ya 16. Kwa hiyo ukifika wiki ya tatu, maneno 50 mapya ya kila siku yanakuja na marudio 200. Jumla 250. Sekunde 10 kwa kila moja ni karibu dakika 42 bila kukosea hata moja, na utakosea, na kila unalokosea linarudi kwenye foleni. Hapo ndipo watu wanaacha na kusema kichwa chao kigumu. Kichwa cha watu hakina kosa.

Lakini hiyo ni hasara ndogo. Kubwa iko kwenye ile safu ya kulia.

Sisi wa huku tumesomeshwa kwa Kifaransa, basi Kiingereza kinatudanganya kwa sura za watu tunaowajua. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na maneno ya Kifaransa yakaingia huko kwa maelfu. Mengine yamebaki na maana yake. Mengine yalihama nyumba zamani, ila bado yamevaa shati lile lile. Ukiona "demand" kwenye listi unaona sura ya ndugu, unaruka mstari, hilo unalijua. Maneno unayoyaruka kwa sababu "unayajua" ndiyo yatakayokuaibisha.

Chukua barua yako ya kuomba kazi. "Je demande" ni ombi la mtu mwenye adabu. "I demand a job" ni amri: nipeni kazi, tena sasa hivi. Kinachoandikwa ni "I am applying for the position of storekeeper". Umeingia kwenye mahojiano, unasema "I passed the state exam last month", kichwani ni "j'ai passé", yaani uliketi ukaandika. Aliye mbele yako amesikia kwamba umefaulu, anaomba karatasi, na matokeo hata hayajatoka. Ulitakiwa useme "I took the state exam". Anakuuliza utaanza lini. "Eventually on Monday." Wewe unamaanisha labda Jumatatu, yeye anasikia mwishowe, baada ya mambo marefu. "Actually I work in Himbi": ulitaka kusema kwa sasa, ambayo ni "currently", "actually" ni ya mtu anayemsahihisha mwenzake. "I assisted the meeting" maana yake umeusaidia mkutano. Aliyehudhuria anasema "I attended". Na ukisema "I did a stage of three months" watakuuliza unaimba nini, maana "stage" kwao ni jukwaa. Yako ni "internship".

Hata sokoni. Mteja mgeni anakupa noti ya dola 20, huna monnaie ya kumrudishia, unamwambia "I have no money". Anakuonea huruma. Ulitaka "I have no change".

Ukifuta Kifaransa ukaweka Kiswahili neno kwa neno, hujapona bado. Jaribu "kupiga". Ukiandika "kupiga = hit", kesho utaipiga simu makofi. Kupiga simu ni "make a call", kupiga picha ni "take a picture", kupiga mswaki ni "brush your teeth", kupiga kura ni "vote" tu, bila kumpiga mtu. Kunywa kidonge ni "take a tablet", hakuna "drink" hapo. Kiswahili kinafanya kazi yote ile ya "kupiga" kwa kitenzi kimoja, Kiingereza kinabadilisha kitenzi kufuatana na jirani yake. Jirani asipoandikwa, hujajifunza kitu.

Basi sheria ni moja, na nimeilipia dola zangu: neno haliingii kwenye kaye peke yake. Linaingia na watu wa nyumbani kwake, linalotangulia, linalofuata, na mahali linaposemwa.

Tazama "run". Listi yako inasema "courir". Haya, lakini depo nzima kutwa hakuna anayekimbia. Utakachosikia ni "We've run out of fuel", mafuta yametuishia. "I'm running late", nachelewa. "Who runs this warehouse?", nani anasimamia depo hii? "The generator ran all night", jenereta imewaka usiku kucha. Matumizi manne ya kila siku, na listi imekupa la tano ambalo wewe mtu wa stoo utalihitaji siku ya mpira.

Sasa fanya hivi. Karatasi moja ya A4, ikunje mara tatu, kata: vipande vinane. Hiyo ndiyo kazi ya siku nzima, usiongeze. Upande mmoja andika hali kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea kweli: "Unite ziliniishia, namweleza bosi kwa nini sikupiga." Upande wa pili: "Sorry, I ran out of airtime." Piga mstari chini ya "ran out of". Chini yake weka sentensi ya pili yenye kitu kimoja kilichobadilika: "We ran out of sugar." Unaanza kila mara upande wa Kiswahili, unasema kwa sauti, ndipo unageuza. Ukianzia upande wa Kiingereza utakuwa unatambua tu, kama jirani unayemsalimia kila asubuhi na jina lake hulijui. Siku ya mahojiano unaitwa useme jina.

Bahasha nne: ya kesho, ya siku ya tatu, ya wiki, ya wiki mbili. Ukipatia, kipande kinasonga bahasha ya mbele. Ukikosea, hata kama ni "of" tu uliyoisahau, kinarudi ya kwanza. Mpango wa namna hiyo mwandishi Sebastian Leitner aliueleza mwaka 1972, na haudai umeme wala megabaiti. Vipande 8 vipya na marudio 32 ni 40. Sekunde 15 kila kimoja, dakika 10 zimetosha. Unamaliza kabla sombe haijaiva.

Utaniambia siku 90 mara 8 ni vipande 720, kidogo mbele ya 5,000. Kuna orodha ya bure kwenye intaneti ya maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi, inaitwa NGSL (New General Service List), ya mwaka 2013, ina maneno karibu 2,800, na ile yake ya mazungumzo tu ina maneno 721, ambayo yanafikia karibu asilimia 90 ya maneno yanayosikika watu wanapoongea. Angalia namba yako tena. Ila nayo usiikariri kama ilivyo, ni maneno pekupeku. Itumie kuchagua neno gani linastahili kipande. Vya nyumbani na vya kazi ongeza mwenyewe. Kwa depo vitoe kwenye matangazo ya kazi yenyewe, yaliyoandikwa kwa Kiingereza: "update the stock card", "sign the waybill", "do a physical count", "damaged in transit", "check the expiry date". Matangazo matano ya kazi hiyo yanarudiarudia maneno yale yale, na atakayekuhoji anayo mbele yake.

Ninachoshindwa kumeza ni wauzaji wa hizi fotokopi. Aliyeniuzia yangu aliapa kwamba nikifika ukurasa wa mwisho nitaota kwa Kiingereza. Nimeota kweli, niliota dola zangu. Huyo anauza karatasi kwa uzito, na kadiri maneno yanavyokuwa mengi ndivyo mzigo unavyoonekana wa maana. Sentensi moja ya mfano kwa kila neno ingemlazimu afikirie mara 5,000, na hiyo haimo kwenye bei. Mwalimu akikusifu kwa idadi ya maneno uliyokariri, muulize kwa upole: umeweza kusema nini leo ambacho jana hukukiweza? Ukimuuliza hivyo, kaa karibu na mlango.

Programu: AnkiDroid, bure kwa simu za Android. Ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti, na inakupangia bahasha yenyewe. Vipande uviandike kwa mkono wako humo, usipakue vya watu, vingi ni listi ile ile iliyovaa suti.

Matamshi na senta... ngoja, nilisema nitarudi huko, lakini mahojiano yako si mwezi wa tisa? Basi fungua kwanza hiyo barua uliyosema umeshaituma. Kama ndani kuna "I demand", tuma nyingine leo kabla ofisi hazijafungwa.