Majibu kwa Wasomaji: Tujenge Banda la Pili?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Sakina, Arusha. Kila Jumamosi mimi na wenzangu wachache huenda kusaidia kazi katika kituo cha umma cha kuhifadhi mbwa na paka waliookotwa mitaani, ambacho naomba kisitajwe. Vizimba vimefurika, sakafu ya saruji hulowa mchana kutwa, watoto wa mbwa hufa kwa kuhara damu, na wafanyakazi wawili waliopo wameelemewa. Tumeanza kuchangishana ili tujenge banda la pili. Je, ndilo la kuanza nalo? Na tumwone nani?

JIBU

Ndugu msomaji, ninakushukuru wewe na wenzako kwa kuwajali viumbe ambao wengi wetu huwapita njiani bila kuwatazama. Hata hivyo, ninawaomba mchango wa banda la pili usubiri kwanza. Kituo hufurika kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja, yaani idadi ya wanyama wanaoingia na muda ambao kila mmoja anakaa. Chukueni mfano wa kituo kinachopokea mbwa wawili kwa siku: ikiwa kila mbwa anakaa siku 30, siku yoyote mtakayokwenda mtakuta mbwa 60, lakini muda huo ukipungua hadi siku 15, mtakuta 30, na hakuna tofali hata moja lililoongezwa. Banda jipya likijengwa bila hesabu hiyo kuguswa, nalo litafurika, na wale wafanyakazi wawili watakuwa wameongezewa sakafu ya kuosha.

Anzeni basi na daftari. Kila mnyama aandikiwe siku aliyoingia, mtaa alikookotwa, chanjo aliyopewa, na siku aliyotoka pamoja na namna alivyotoka. Baada ya mwezi mmoja mtaona mahali wanapokwama, na mara nyingi chanzo huwa kidogo kuliko mtu alivyodhani: mwenye mbwa hajui kwamba mbwa wake yuko pale, au daktari wa kuhasi hajaitwa, au mbwa yuko tayari kuchukuliwa ila hakuna aliyemtangaza. Picha iliyopigwa kwa simu siku ile ile ya kuingia, ikatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa husika na kubandikwa katika ofisi ya mtendaji, inaweza kumrudisha mbwa kwao kabla hajaambukizwa chochote.

Sasa nije kwenye vifo, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vya haraka kuliko yote. Kuhara damu kwa watoto wa mbwa kunaweza kutokana na minyoo, lakini mlivyoeleza kunanipa shaka kubwa ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza mbwa, na ni daktari wa mifugo atakayethibitisha. Virusi vya parvo hudumu sakafuni kwa miezi mingi, na sabuni ya kawaida haiviui. Klorini ya kufulia huviua, kwa sharti kwamba kinyesi kimeondolewa na sakafu imesuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa kwanza, kwa kuwa uchafu huipunguza nguvu. Klorini yenye nguvu ya asilimia 5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, ikaachwa juu ya sakafu kwa dakika kumi, kisha ikasuuzwa na sakafu ikakaushwa, mbwa wakiwa wametolewa nje.

Jumamosi ijayo tazameni kwa makini jinsi usafi unavyofanyika. Mahali pengi mfanyakazi hushika mpira wa maji na kupiga sakafu huku mbwa wamo ndani. Kinyesi huruka hadi kwenye bakuli la chakula na manyoya, kisha maji yale yale hutiririka kutoka kizimba cha mgonjwa hadi kwa watoto wa mbwa walio upande wa chini. Mbwa hubaki ameloa, na katika baridi ya Arusha ya Juni na Julai hana pa kulala pakavu. Kinyesi kizolewe kwa koleo, usafi uanzie kwa watoto wa mbwa na wazima na uishie kwa wagonjwa, ambao wawe na ndoo na fagio lao wenyewe. Juu ya saruji wekeni chaga za mbao zinazoweza kutolewa na kuanikwa juani. Fundi seremala yeyote atazitengeneza, na hapo ndipo ningependa mchango wenu uende.

Mbwa mgeni asichanganywe na wengine, na achanjwe siku anayoingia. Watoto wa mbwa huanza chanjo ya parvo wakiwa na wiki sita hadi nane, ikarudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wafikishe wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia miezi mitatu. Wafanyakazi nao, pamoja na ninyi, mnastahili kuchanjwa, na atakayeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.

Kuhusu wa kumwona, nendeni na daftari lenu kwa afisa mifugo, kisha kwa diwani wenu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamwajibisha kila anayemshikilia mnyama, na ofisi ya umma haikwepi wajibu huo. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mapendekezo ya bajeti huandaliwa miezi kadhaa kabla yake, hivyo ombi litakalofika Juni litakuwa limechelewa. Ombeni vitu vinavyotajika kwa idadi na bei: dozi za chanjo, lita za klorini, mshahara wa mfanyakazi wa tatu. Mnaweza pia kuuliza katika chuo cha mifugo cha Tengeru iwapo wanafunzi wake, wakisimamiwa na walimu wao, wanaweza kufanyia mazoezi hapo kituoni.