Maneno ya kuchonga kwenye jiwe la mama yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema fundi anataka maneno ya kuchonga kwenye jiwe la mama yako kabla ya Ijumaa, nawe umekwama. Dada yako anataka "Yuko mbinguni". Mjomba wako anataka "Anangoja ufufuo". Halafu chini kabisa ukaniuliza lile ambalo hukuthubutu kuliuliza siku ya mazishi: "Baba, kama mama keshafika mbinguni, ufufuo ni wa nini tena?"

Usiombe radhi kwa swali hilo. Nimekaa kanisani zaidi ya miaka sitini na sikumbuki mahubiri yaliyolijibu sawasawa. Mimi si mchungaji, nilifundisha lugha tu, kwa hiyo nitaanzia kwenye maneno.

Tukisikia "kiyama" tunaona moto, ngurumo, watu wanakimbia huku na huku. Lakini neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na mzizi wake ni kusimama. Ndugu yake ni "kaimu", yule anayesimama mahali pa mwenzake ofisini. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kinasema hivyo hivyo: anastasis, kusimama tena. Sasa fungua Marko sura ya 5. Binti wa Yairo, miaka 12, amekufa, na waombolezaji wanamcheka Yesu usoni. Anamshika mkono, anamwambia kwa Kiaramu, "Talitha, kumi." Msichana, inuka. Hiyo "kumi" si ya kuhesabia; imetoka kwenye mzizi uleule uliotupa kiyama. Kisha anaagiza jambo ambalo tukisoma huwa tunalipita mbio: mtoto apewe chakula. Aliyeinuka ni mtoto mzima, mwenye tumbo linalosikia njaa.

Unamkumbuka yule mhubiri wa makaburini aliyesema tusilie, kwamba hili tunalolizika ni ganda tu, mama yenu mwenyewe keshatoka? Najua alitaka kutufariji. Mimi aliniudhi. Hilo "ganda" ndilo lililokubeba miezi tisa, ndilo lililokesha nawe ulipougua surua. Na fundisho lenyewe si la mitume. Habari ya roho isiyokufa haikuwa ngeni Athene. Mwanafalsafa wao Plato alikuwa ameiandika zaidi ya karne nne kabla ya Paulo kufika huko. Paulo alipohutubia baraza lao la Areopago walimsikiliza vizuri mpaka alipotaja ufufuo wa wafu. Hapo baadhi yao wakaanza kudhihaki. Roho kupaa wangeweza kuijadili mchana kutwa. Kilichowachekesha ni maiti kusimama.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Alipo mama yako leo, Wakristo hatukubaliani. Wako wanaosema amelala, hajui lolote mpaka parapanda ilie. Wako wanaosema roho yake iko na Kristo, na ushahidi wao ni yule mhalifu msalabani aliyeambiwa "leo hii". Mimi nimeegemea upande huu wa pili, ila sitagombana na mjomba wako. Lakini hata mimi sisemi kwamba mambo yamekwisha. Mama yako yuko salama, sawa, ila mauti bado imeshika kitu chake. Ukiri wetu wa kila Jumapili hauishii kwenye roho. Tunakiri ufufuo wa mwili. Mungu alimuumba mtu mzima, na hakubali kurudishiwa nusu.

Watu huchanganya jambo hili na habari ya Lazaro. Lazaro alikuwa kaburini siku 4, Martha akaonya kwamba ananuka, na alipoitwa alitoka na sanda zake, mikono na miguu imefungwa, hata ikabidi wengine wamfungue. Alirudi kwenye maisha haya haya, yenye homa na uzee, na muda si mrefu makuhani wakuu wakafanya shauri la kumwua. Sasa linganisha na kaburi la Yesu katika Yohana 20: sanda zimelala, na ile leso ya kichwani imezongwa peke yake kando. Hakuna aliyemfungua. Lazaro alirudi nyuma kupitia mlango alioingilia. Yesu alitokea upande wa pili, ambako hakuna mtu aliyewahi kufika.

Na bado ni yeye. Hapa ndipo ninapokaa sana siku hizi. Maria Magdalene anamdhania mtunza bustani, mpaka alipotajwa jina lake. Katika Luka 24 wanafunzi wanadhani wameona mzimu, naye anaomba chakula, anakula kipande cha samaki mbele yao. Tomaso anaonyeshwa mikono. Mwili uliokwisha kushinda mauti, unaoingia milango ikiwa imefungwa, bado una matundu ya misumari! Kama ufufuo ungekuwa kufuta yote na kuanza upya, alama zile ndizo zingekuwa za kwanza kuondoka.

Utaniuliza, mwili upi, nao unaoza? Wakorintho waliuliza hilo hilo, na Paulo, ambaye hakuwa na subira, akamwita mwulizaji mpumbavu. Wewe sikuiti hivyo. Jibu lake lilikuwa mbegu: unachopanda ni punje tupu, na kinachochipuka hukifananishi na punje, lakini hakikutoka kwingine. Katika sura hiyohiyo, 1 Wakorintho 15, anamwita Kristo limbuko. Limbuko ni mavuno ya kwanza ya shamba lilelile. Halichukuliwi kama muujiza wa pekee. Ukiliona unajua shamba zima limeanza kuiva. Ndiyo maana Pasaka kwetu si kumbukumbu ya mtu mmoja aliyenusurika.

Kuhusu kuthibitisha, sina cha kukupa cha maabara. Paulo aliandika barua hiyo kama miaka 20 hivi, au zaidi kidogo, baada ya msalaba, na anawataja zaidi ya watu 500 waliomwona Yesu kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado hai. Mathayo naye, mwishoni kabisa, wanafunzi wakiwa mlimani Galilaya wanamsujudia, anaandika kwamba baadhi yao waliona shaka. Hakulificha. Kwa hiyo shaka yako haikutoi nje ya mlima ule.

Ngoja nikwambie ninachokiona mimi nikifumba macho. Usiku ule wa mwisho wodini nilimshika mkono wa kushoto, nikapitisha kidole juu ya ile alama ya pasi. Wewe hukumbuki, ulikuwa na miaka minne. Alikuwa ananyoosha sare ya dada yako, ukapita mbio ukakwaa waya, naye akaidaka pasi kwa mkono isikuangukie. Alama ilibaki ya pembetatu, nyororo kuliko ngozi yote iliyoizunguka. Kila mara nilipotaka kukugombeza utotoni alikuwa anauficha mkono ule nyuma. Sijui kama Mungu hutunza na alama za pasi. Ila nimesoma habari za misumari, nami natumaini.

Basi, kwenye jiwe. "Yuko mbinguni" ni kweli lakini ni fupi mno, na "Anangoja ufufuo" inamfanya kama abiria aliyekosa basi. Mwambie fundi aandike jina lake lote, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa, na chini yake: "Talitha, kumi." Dada yako akilalamika kwamba mama alikuwa bibi wa wajukuu saba, si msichana, mwambie nilimwita hivyo mpaka juzi. Fundi azipige herufi kwa kina, za rangi hufutika. Na asijaze jiwe lote. Upande wa kulia aniachie nafasi ya jina langu.

Baba yako