Mota ya mashine ya kusaga: kuzima kila mteja akiondoka kulinigharimu

Mkuu, umeuliza kama uzime mota kila mteja anapomaliza kusagiwa, ili uokoe yuniti za LUKU. Mimi nilifanya hivyohivyo nilipofungua mashine yangu ya HP 20, fezi tatu. Mota ile niliipeleka kusukwa (kufungwa waya mpya) mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na roho inaniuma kuona mtu mwingine anaelekea kulekule.

Asubuhi wateja huja mmojammoja, huyu na debe la mahindi, yule na kilo tano za muhogo. Kijana wangu alikuwa anawasha, anasaga, anazima. Dakika mbili baadaye anawasha tena. Fundi alipoifungua mara ya pili alinionyesha koili, yaani waya zilizosukwa ndani: fezi zote tatu nyeusi sawasawa, vanishi inayozikinga inabanduka kama magamba. Akasema ingekuwa fezi moja imekatika njiani, zisingeungua zote namna ile.

Mota ya ukubwa huo, kwa volti 400 na mzigo kamili, hula karibu ampia 28. Inapoanza kutoka kusimama, ikiwa imeunganishwa moja kwa moja, huvuta mara tano hadi nane ya hapo. Joto kwenye waya hupanda kwa mraba wa ampia: ampia zikiwa mara 6, joto ni mara 36. Na kinu chenye nyundo ni kizito, hakifiki mwendo upesi. Feni nayo iko kwenye shafti hiyohiyo, hivyo joto linapokuwa kali ndipo upepo unapokuwa mdogo. Ukizima, upepo unakata kabisa na joto linabaki ndani. Unapowasha tena, unaongeza juu yake.

Staa-delta, yaani swichi inayoanzisha mota kwa umeme mdogo (staa) kisha kuihamishia umeme kamili (delta), husaidia, maana hushusha ampia za kuanzia hadi theluthi. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo hushuka hadi theluthi. Ukiwasha nafaka ikiwa bado ndani ya kinu, mota itajikokota, na ikiingia delta kabla ya kupata mwendo itavuta ampia kubwa vilevile. Wala usiitegemee sana ovalodi, kile kifaa kinachokata umeme mota ikivuta kupita kiasi. Yenyewe hupoa haraka kuliko koili, kwa hiyo kijana anabonyeza riseti, inakubali, kumbe mota bado inatokota.

Kuhusu yuniti: nami nilipima waya, nikaona ampia 11 mashine ikizunguka bila nafaka, nikadhani theluthi ya umeme inapotea bure. Sivyo. Ampia nyingi kati ya hizo ni za kutengeneza sumaku, na LUKU hukata kilowati-saa, si ampia. Unacholipia hapo ni kidogo sana ukilinganisha na gharama ya kusuka mota.

Siku hizi naweka ndoo kwenye foleni, nawasha zikifika nne au tano. Mteja mwingine akiwa bado kwenye mizani, naiacha izunguke. Nikiona dakika kumi zitapita bila mtu, nazima, ila kwanza naacha kinu kimalize kila punje. Ovalodi ikikata, hakuna kugusa riseti kabla ya nusu saa, na lazima kwanza tujue kwa nini imekata.

Kagua na kontakta zako, zile swichi za sumaku zinazoingiza umeme kwenye mota, maana kila kuwasha kunachoma vidole vyake. Kimoja kikishindwa kugusa, mota inabaki na fezi mbili. Tuma picha ya kibati cha mota na ya boksi la staa-delta, tuone taima ya kuhamisha kutoka staa kwenda delta imewekwa sekunde ngapi.