Kampuni changa katika nchi ndogo ya Ulaya: toka mapema, lakini toka na sababu

Estonia ina watu milioni 1.3 hivi. Ukiondoa watoto, wazee na wote wasiohitaji programu yako, wateja wanaobaki wanatosha kujaribia bidhaa, hawatoshi kuiendesha kampuni. Ndiyo maana katika kampuni ya Tallinn, mji mkuu wa Estonia, nilikofanya kazi upande wa huduma kwa wateja, hakuna aliyeuliza kama tutauza nje. Tangu mwanzo mikutano na mikataba ilikuwa ya Kiingereza, na mfumo uliweza kupokea sarafu zaidi ya moja.

Nawaandikia vijana wenzangu mlioko Tallinn, Vilnius, Warsaw au Bucharest, mnaotaka kuanzisha kitu chenu. Wengi mnaambiwa mkomae kwanza nyumbani, kisha mwende kwa jirani, kisha mbali. Kiwanda cha samani kinaweza kufuata njia hiyo. Kampuni ya programu kutoka nchi yenye watu wachache itaishiwa fedha ikiwa bado inakomaa.

Tazameni Wise, kampuni ya kutuma fedha kutoka nchi moja hadi nyingine. Ilianzishwa London mwaka 2011 na Waestonia wawili, Taavet Hinrikus na Kristo Käärmann. Mmoja alilipwa kwa euro huku akiishi London. Mwenzake alilipwa kwa pauni huku akidaiwa mkopo wa nyumba Estonia. Kila mmoja akawa anampa mwenzake sarafu aliyoihitaji, bila kukatwa na benki. Tatizo lenyewe lilikuwa na miguu miwili, kila mguu nchi yake, kwa hiyo kampuni isingeweza kuwa ya nchi moja hata kidogo. Ukiwa bado unachagua wazo, tafuta la namna hiyo. Sisi tunaotuma fedha nyumbani kila mwezi tunayaona matatizo hayo kwa karibu kuliko wenyeji wengi.

Bolt nayo, kampuni ya kuita teksi kwa simu ambayo abiria wa Nairobi na Dar es Salaam wanaijua vizuri, ilianzishwa Tallinn mwaka 2013 na Markus Villig akiwa na miaka 19, kwa euro 5,000 alizokopeshwa na wazazi wake. Wakati huo haikuwa na jina hili. Mwaka 2016 ilikuwa tayari Afrika Kusini na Kenya. Septemba 2017 ikaingia London, na ndani ya siku chache ikalazimika kusimama kwa sababu ya leseni. Ilirudi Juni 2019. Kama biashara yako inagusa usafiri, fedha au dawa, nenda kwa mamlaka kabla ya kutangaza chochote. Karibu miaka miwili ni muda ambao kampuni isiyo na wawekezaji wakubwa haiwezi kuubeba.

Lakini somo ninalolithamini zaidi linatoka Lithuania. Vinted, soko la mtandaoni la nguo zilizokwishavaliwa, ilianzishwa Vilnius mwaka 2008 na Milda Mitkutė na Justas Janauskas. Haikukawia kuingia Ujerumani, kisha nchi nyingine nyingi, na kufikia mwaka 2016 fedha zilikuwa zinakwisha. Thomas Plantenga, Mholanzi aliyeletwa kuiokoa, alipunguza matumizi, akafunga baadhi ya ofisi, na akawaondolea wauzaji ada. Mwaka 2019 thamani ya kampuni ilipita dola bilioni moja. Kwangu mimi hesabu ya nchi ni kipimo kibaya. Soko kama hilo linahitaji wauzaji na wanunuzi wengi mahali pamoja. Ukiwatawanya katika nchi kumi, kila nchi inabaki na rafu tupu. Chagua mbili, uzijaze.

Msidanganyike pia na Umoja wa Ulaya. Ni kweli bidhaa hupita bila ushuru, na tangu Julai 2021 unaweza kuwasilisha ritani za VAT (kodi ya ongezeko la thamani) za mauzo kwa watumiaji wa kawaida wa nchi nyingine za Umoja kupitia nchi moja. Ila malipo bado yana mila zake. Mpolandi atatafuta BLIK, Mholanzi atatafuta iDEAL, njia za kulipa mtandaoni walizozizoea kwao, na wasipoziona wengi wao wanafunga ukurasa. Nimewasikiliza wateja wa namna hiyo kwenye simu: bidhaa waliipenda, bei waliikubali, wakaishia pale pa kulipia.

Poland ina hatari ya upande wa pili. Ina watu zaidi ya milioni 36, kampuni inaweza kukua miaka mingi ikiuza kwa wenyeji tu, huku ankara, mfumo na maelezo yote yakiwa ya Kipolandi. Siku ikitaka kutoka, kazi ni kujenga upya. Ukiwa huko, uwe na mteja wa nje angalau mmoja tangu mwaka wa kwanza, hata kama faida yake ni ndogo.

Kwa mlioko Afrika Mashariki: ukaazi wa kidijitali wa Estonia, uliofunguliwa Desemba 2014, unakuruhusu kusajili na kusimamia kampuni ya huko kwa intaneti. Haukupi viza wala haki ya kuishi Ulaya, na akaunti ya benki ni ombi tofauti linaloweza kukataliwa. Ulizia akaunti kwanza, kabla hujalipa ada ya kusajili kampuni.