Tairi inakwaruza? Jua kwanza inagusa upande gani

Wenye Impreza, Altezza na Mark II hapa Pemba wananiuliza sana habari za spesa, kile kipande cha duara kinachowekwa kati ya rimu na habu (pale gurudumu linapofungwa), na mimi huwauliza: tairi inagusa wapi? Spesa kazi yake ni moja tu, kulisukuma gurudumu nje. Ikiwa tairi inagusa ndani, kwenye shokapu, itakusaidia. Ikiwa inagusa nje, kwenye ukingo wa madigadi, itakuzidishia balaa, na utaliona siku utakayopakia watu nyuma ukapita kwenye tuta. Inaniuma kuona mtu anauziwa spesa kabla gurudumu halijavuliwa hata kuangaliwa.

Piga jeki, weka stendi, vua gurudumu, washa tochi. Kwenye Impreza WRX yangu, ubavu wa ndani wa tairi ya nyuma ulikuwa na mstari unaong'aa, upana wa kidole. Kwenye shokapu rangi ilishalika, chuma kinaonekana, na unga wa mpira umegandia pembeni. Hapo hakuna cha kubahatisha. Alama zikikosekana, paka chaki ya skuli ubavu wa tairi, ndani na nje, pakia watu watatu nyuma, kisha shuka na kona za barabara ya Chake kwenda Mkoani. Ukirudi, tazama chaki imefutika wapi.

Mara nyingi chanzo ni rimu pana. Ukitoka inchi 7 ukaenda 8 bila kubadilisha ofseti (umbali wa uso wa rimu unaokaa kwenye habu kutoka katikati ya upana wa rimu), zile milimita 25.4 zinagawika: 12.7 zinaingia ndani, 12.7 zinatoka nje. Ofseti huandikwa ET, kwa milimita: rimu ya ET55 ukiiwekea spesa ya milimita 5 inakuwa kama ET50. Kwangu hizo 5 zilitosha. Chukua nyembamba kabisa inayoondoa mguso, lakini pima na nje pia, maana tairi sasa imetoka milimita 17.7 kuliko zamani.

Sasa nati, na hapa naomba usome polepole. Spesa ya kuvalisha tu inakula urefu wa boliti za habu. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nati ishike uzi usiopungua unene wa boliti: boliti ya milimita 12, uzi wa milimita 12. Impreza ina uzi wa M12x1.25, yaani boliti ya milimita 12 na kila mzunguko unasogea milimita 1.25, kwa hiyo nati inatakiwa izunguke karibu mara 10 hadi ikae. Toyota nyingi ni M12x1.5, mizunguko 8. Ifunge kwa vidole, uhesabu. Ikikaa kwenye mzunguko wa tano, usitoke na gari hiyo hata kufika dukani. Badilisha boliti uweke ndefu. Ukihitaji milimita 20, nunua spesa yenye boliti zake, inayofungwa kwenye habu, kisha rimu inafungwa kwenye spesa. Kupanga spesa mbili pamoja, au kuweka washa badala ya spesa, sikubali kabisa.

Tundu la katikati la spesa nalo lilingane na habu: milimita 56.1 kwa Impreza hizi za boliti 5x100 (boliti tano kwenye duara la milimita 100), na 60.1 kwa Altezza ya 5x114.3. Likiwa kubwa, gurudumu linakaa pembeni kidogo na usukani unatetemeka ukiongeza mwendo, na fundi atahangaika na balansi bure. Huku kwetu vitu kama hivi mara nyingi tunaagiza Unguja au Dar, vinakuja kwa boti, kwa hiyo mpe muuzaji namba zote tatu, boliti, tundu na uzi. Kumwambia "ya Subaru" hakutoshi, kwa sababu zipo Subaru za 5x114.3.

Kabla ya kufunga, sugua habu kwa brashi ya waya hadi kutu iishe. Chembe moja ya kutu inatosha kuipinda spesa. Aluminiamu juu ya chuma, na hewa yetu hii ya chumvi, vitagandana. Mimi napaka grisi ya shaba kidogo sana kwenye uso wa habu, ila boliti naziacha kavu. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari, kwa mtindo wa nyota, tairi ikigusa chini kidogo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Zile spesa zenye boliti zake zinataka uvue gurudumu uzikague nati za ndani, na wengi hawafanyi.

Na wewe ambaye chaki yako imefutika nje, pesa ya spesa iweke kwenye tairi nyembamba zaidi, upana wa milimita 215 badala ya 225, au rimu yenye ET kubwa. Gari ikiwa imeshushwa sana, ipandishe kidogo kwanza kabla hujanunua chochote.