Unaanza kazi ya eksirei kliniki ya mifupa? Soma hii kwanza

Wadogo zangu mnaomaliza chuo mnaniuliza sana, eti mifupa ndo kitengo rahisi. Jamani! Kifua mtu anasimama, anavuta pumzi, kwisha. Huku analetwa kijana wa bodaboda mguu umepinda na hataki hata shuka limguse.

Kwangu mimi kazi yote iko hapa: mgonjwa hageuzwi, inageuzwa mashine. Daktari anataka picha 2, ya mbele na ya ubavuni, zipishane nyuzi 90, maana mfupa uliovunjika ukiutazama upande mmoja unaweza kuonekana mzima kabisa. Sasa bibi kaanguka bafuni, mguu umefupika na vidole vinatazama nje, hapo usithubutu kumlaza ubavu wala kuuviringisha ule mguu, nyanyua ule mzima uuegemeze mahali, kaseti, lile bamba linalopokea picha, ikae pembeni ya nyonga inayouma na mionzi ipite kwa mlalo kutoka upande wa ndani. Inachukua muda, foleni watanuna, waache wanune.

Magoti ya wazee ni kinyume chake, kama anaweza kusimama mpige amesimama. Akilala ile nafasi kati ya mifupa ya goti inaonekana kubwa kuliko ilivyo, daktari atadhani gegedu bado lipo lipo.

Halafu kuvua vitu, hapa ndo utu wako unapimwa. Shanga za kiunoni, hirizi, sarafu kwenye fundo la khanga, vyote vinatokea kwenye picha ya nyonga. Mama mtu mzima mfungie pazia kwanza, shikamoo mama, kiunoni kuna kitu tutoe? Usimuulize mbele ya mkwewe aliyemleta! Na binti ukitaka kumuuliza habari za ujauzito, waliomsindikiza watoke nje, la sivyo utajibiwa hapana tu.

Aliyeangukia kiganja akauma chini ya dole gumba, picha ikiwa safi usimwambie huna kitu nenda. Ufa wa pale unaweza usionekane siku ya kwanza, ndo maana daktari humfunga hogo hivyohivyo na kumrudisha baada ya siku 10 hadi 14.

Alama ya kulia au kushoto iweke wakati unapiga, sio kuja kuiandika baadae kwenye kompyuta wakati umeshasahau. Na beji ya kupima mionzi, ile inayosomwa na TAEC (Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania), ivae mwilini, wengi wanaiacha kwenye koti mlangoni halafu wanashangaa kila majibu yakirudi ni sifuri.