Maswali Yenu: Kusomea Udaktari Muhimbili

Barua nyingi tulizochagua safari hii zinahusu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Dar es Salaam. Majibu ya sifa za kujiunga yanawafaa pia waombaji wa vyuo vingine vya Tanzania, kwa kuwa sifa za chini huwekwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU).

Mwanangu alisoma PCB. Kidato cha sita ana B ya Kemia, B ya Baiolojia na S ya Fizikia, yaani pointi 8.5. Tuliambiwa udaktari unataka pointi 6. Mbona mfumo unamkataa?
*Mama, Kahama*

Mama, hesabu yako haina kosa: B ni 4, S ni nusu. Kinachomkwamisha ni hiyo S. Shahada ya udaktari inataka prinsipo (ufaulu kamili wa kidato cha sita) tatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, na prinsipo huanzia A hadi E. S haimo, hata jumla iwe kubwa namna gani. Na hizo pointi 6 ni kizingiti tu. Muhimbili waombaji ni wengi kuliko viti, hivyo mwenye 6 kamili asijihesabu ameshaingia.

Anaweza kurudia kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Atafute kituo chenye maabara inayofanya kazi, maana Fizikia ina mtihani wa vitendo na hapo ndipo wengi wa kujitegemea huangukia.

Njia nyingine ni stashahada ya utabibu, miaka mitatu, anatoka afisa tabibu. Akipata GPA (wastani wa alama zake) ya 3.0 au zaidi anaruhusiwa kuomba udaktari, lakini hapa pana mtego. Chuo cha kati kitamdai Kemia, Baiolojia na Fizikia za kidato cha nne. Chuo kikuu kitaongeza Hisabati na Kiingereza, angalau D kila moja. Wapo wanaoingia stashahada na F ya Hisabati, wanamaliza na GPA nzuri, kisha wanagota mlangoni. Kitoe cheti chake cha kidato cha nne leo, kabla hujalipa ada popote. Kama kuna F ya Hisabati, airudie wakati anaendelea na masomo. Akimaliza, aombe namba ya uhakiki (AVN) kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, mapema, kwa sababu bila hiyo maombi ya chuo kikuu hayaendi. Na asome mwongozo wa TCU wa mwaka atakaoomba, si wa kaka yake.

Nimechaguliwa vyuo viwili. Nikikaa kimya, TCU watanipangia?
*Msomaji, Tanga*

Hapana. Ingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, weka namba ya siri uliyotumiwa kwa simu au barua pepe, thibitisha kabla ya tarehe ya mwisho. Tatizo kubwa ni vijana wanaojaziwa fomu steshenari kwa namba na barua pepe ya mwenye duka. Siku namba ya siri inapotumwa, duka limefungwa. Tumia laini yako, na usiibadilishe hadi usajili uishe. Kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, hakiki cheti cha kuzaliwa kwa wakala wa usajili, RITA (Zanzibar ni ZCSRA) wiki kadhaa kabla, usingoje dirisha la maombi lifunguliwe.

Niko mwaka wa kwanza. Kwenye picha misuli na neva nazijua, ila kwenye kadava (maiti ya kujifunzia) naona nyama ya kijivu tu, na mtihani wa pini, wa kutaja sehemu iliyochomekwa pini, nimeshika sapu (mtihani wa marudio). Formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, nayo inaniumiza macho.
*Mwanafunzi, Upanga*

Unasoma kwa rangi. Kitabuni ateri ni nyekundu, vena bluu, neva njano. Kwenye kadava zote zimefifia. Jifunze kutambua kwa umbile: ateri ina ukuta mnene na ukiibonyeza inarudi, vena ni laini, imelala bapa, mara nyingi ina damu nyeusi iliyoganda ndani, neva ni kamba isiyo na tundu. Kwenye mtihani huruhusiwi kugusa, kwa hiyo zoea kutazama ncha zilizokatwa.

Kisha fuata kitu kinatoka wapi na kinaishia wapi. Chukua neva za kwapani, zinazoangusha watu kila mwaka. Mizizi mitano, C5 hadi T1 (majina ya neva zinazotoka uti wa mgongo), vigogo vitatu, migawanyiko sita, kamba tatu, matawi makuu matano. Ichore kwenye karatasi tupu kila siku, bila kuchungulia. Ukifika mezani, tafuta herufi M mbele ya ateri ya kwapa. Mguu wa nje wa M ni neva ya muskulokutania, na utaithibitisha ukiona inatoboa msuli wa korakobrakiali. Mguu wa kati ni mediani. Mguu wa ndani ni alna, ifuate mpaka nyuma ya kifundo cha ndani cha kiwiko, pale unapojigonga mkono ukafa ganzi. Radiali iko nyuma ya ateri. Usiitafute kwenye M.

Jipangeni watu wanne. Mmoja achomeke pini, wengine wajibu kwa dakika moja moja, na mkono mugeuze juu chini, kwa kuwa mtihani hauwaletei mwili umelala sawasawa kama kitabuni. Andika jina kamili na upande. "Neva" peke yake ni sifuri, na kukosa "kulia" au "kushoto" kunakata alama za bure.

Kuhusu macho: barakoa ya kawaida haizuii mvuke. Simama karibu na dirisha, vaa miwani iliyozibwa pembeni, acha lenzi za machoni nyumbani, na glavu ziwe za naitraili. Mwenye pumu au mjamzito amwambie msimamizi wa maabara kabla ya kuanza, si baada ya kubanwa.

Nikichomwa na sindano iliyotumika wodini nifanye nini? Wenzangu wanasema niminye damu.
*Mwanafunzi, Mloganzila*

Usiminye, wala usimwagie jiki. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha toa taarifa papo hapo kwa msimamizi wa wodi. Wanafunzi huficha wakiogopa kugombezwa, na saa zinakwenda. Dawa za kuzuia VVU hufaa zaidi zikianza ndani ya saa chache, na baada ya saa 72 hazianzishwi. Humezwa siku 28 bila kuruka. Utapimwa siku hiyo, baada ya wiki 6 na baada ya miezi 3. Mgonjwa naye huombwa ridhaa apimwe. Ajali nyingi hutokea mtu anaporudishia kifuniko cha sindano. Usikirudishe, itupe moja kwa moja kwenye boksi la usalama.

Homa ya ini B huambukiza kwa sindano kirahisi kuliko VVU, ila ina chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa sita. Ianze mwaka wa kwanza, ili ukiingia wodini uwe umemaliza zote.